Masoko ya ndani ya Ulaya: tazama kikapu kabla ya sahani

Tramu namba 2 ya Budapest hufuata ukingo wa mto Danube, na asubuhi wengi wanaoshuka kituo cha Fővám tér huwa wamebeba mikoba mitupu. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo la matofali lenye paa la vigae vya rangi kutoka kiwanda cha Zsolnay. Hilo ndilo Soko Kuu la Budapest, lililochorwa na msanifu Samu Pecz na kufunguliwa mwaka 1897. Chini ya mihimili yake ya chuma, akina bibi wanapima vitunguu kwa macho kabla havijawekwa kwenye mzani, wauza nyama wananoa visu, na mashada ya pilipili nyekundu zilizokaushwa yananing'inia juu ya vizimba. Orofa ya chini ya ardhi ni ya samaki na achari: matango, kabichi na vitunguu saumu vilivyopangwa kwa ustadi ndani ya mitungi ya kioo.

Kadiri jua linavyopanda, ghorofa ya juu nayo hujaa. Huko ndiko kwenye vitambaa vya kudarizi, zawadi za kupeleka nyumbani, na foleni ya lángos, ule unga uliochachuka unaokaangwa ukatoka mpana kama andazi lililotandazwa, kisha ukapakwa vitunguu saumu, krimu chachu na jibini. Wanaopanga foleni hapo ni wageni kwa wingi wao. Wengi hula, hupiga picha na kuondoka bila kukaribia kizimba cha viazi.

Jengo moja, basi, lina watu wa aina mbili: aliyekuja kununua cha kwenda kupika na aliyekuja kula papo hapo. Katika miji mingi ya Ulaya, uhusiano wa hawa wawili ndio unaoamua kama soko litaendelea kuwa soko. Msafiri anayetaka kuujua mji kupitia chakula chake namshauri jambo moja: aingie sokoni akiangalia vikapu vya wenyeji kwanza, na sahani baadaye. Palipo na vikapu vilivyojaa, sahani huwa nzuri. Palipobaki sahani peke yake, utalipa zaidi na kujifunza kidogo.

Chuma, kioo na garimoshi

Masoko haya hayakujengwa kwa ajili ya watalii. Katika karne ya 19 miji ya Ulaya ilifurika watu, na nyama na samaki viliuzwa barabarani, juani na kwenye tope. Mabaraza ya miji yalitaka kukagua nyama, kusimamia mizani na kukusanya ushuru mahali pamoja. Reli ilileta mboga na maziwa kutoka mbali, na viwanda vikaweza kutoa nguzo za chuma na vioo vikubwa vya kuezekea kumbi pana zenye mwanga na hewa.

Paris ndiyo iliyotoa mfano ulioigwa na wengi. Kuanzia miaka ya 1850, msanifu Victor Baltard alijenga kwenye soko la Les Halles mabanda ya chuma na kioo yaliyolisha jiji zima, na mwaka 1873 mwandishi Émile Zola akayafanya kuwa kitovu cha riwaya yake. Karne moja baadaye majokofu yalikuwa yameingia majumbani na maduka makubwa yameota pembezoni mwa miji. Mwaka 1969 biashara ya jumla ilihamishiwa Rungis, nje ya jiji, na kuanzia 1971 mabanda ya Baltard yakabomolewa. Moja lilinusurika, likang'olewa na kusimikwa upya Nogent-sur-Marne. Wapenzi wa majengo na wapenzi wa chakula wanaukumbuka ubomoaji huo kwa uchungu hadi leo.

Soko la Enfants Rouges, katika mtaa wa Marais hapohapo Paris, lina historia tofauti. Lilianza mwaka 1615 na limepewa jina la watoto yatima wa jirani waliovishwa nguo nyekundu. Katika miaka ya 1990 lilifungwa. Wakazi wa mtaa wakasimama kulitetea, na mwaka 2000 likafunguliwa tena. Leo ni dogo na limebanana. Muuza mboga na muuza maua wamezungukwa na vibanda vya chakula cha Morocco, Italia, Lebanon na Japani. Lipo kwa sababu waliokuwa wakinunua humo walikataa life.

Riga: soko ndani ya mabanda ya kivita

Kama ningeulizwa nianze wapi, ningesema Riga, mji mkuu wa Latvia. Nyuma ya kituo cha garimoshi, kando ya mto Daugava, kuna kumbi tano zenye mapaa ya mviringo ambazo huwezi kuzikosea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani lilijenga mabanda makubwa huko Vaiņode, magharibi mwa nchi, ya kuhifadhia Zeppelin, yale maputo marefu ya gesi yaliyotumika kivita. Vita vilipokwisha, Latvia ilikuwa taifa changa lenye fedha chache na watu wa kulisha. Jiji la Riga likachukua sehemu za juu za mabanda hayo na kuzisimika juu ya kuta mpya. Ujenzi ulianza 1924 na soko likafunguliwa mwaka 1930. Chini ya ardhi zilichimbwa bohari na vyumba vya baridi vilivyounganishwa kwa njia za kupitishia mizigo. Kwa wakati wake lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa na ya kisasa kuliko yote barani.

Tangu 1997 soko hilo limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia la UNESCO pamoja na mji wa kale. Hata hivyo, halijageuzwa makumbusho. Kila ukumbi una kazi yake: nyama, maziwa na jibini, samaki, mboga, na vyakula vilivyoandaliwa. Kwenye ukumbi wa samaki harufu ya moshi inakupokea mlangoni, maana watu wa Baltiki ni mafundi wa kukausha samaki kwa moshi, kuanzia dagaa wadogo hadi mikunga. Kwenye ukumbi wa mboga utakuta kabichi iliyochachushwa ikiuzwa kutoka kwenye mapipa, na muuzaji atakuonjesha kabla hujatoa pesa. Mkate mweusi wa rai hukatwa kwa uzito. Nje, msimu ukifika, wazee huleta matunda ya porini na uyoga. Wastaafu wengi wa Riga hufanya ununuzi wao hapo kwa sababu bei inawaweka mjini, na hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo soko linaweza kupata.

Barcelona: ushindi na gharama yake

Hakuna jiji la Ulaya linaloonyesha faida na hasara za masoko ya ndani kwa uwazi kama Barcelona. Jiji hilo lina karibu masoko 40 ya chakula yanayomilikiwa na manispaa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 yanasimamiwa na taasisi maalumu ya umma. Sera yake ni kwamba kila mtaa uwe na soko ambalo mkazi anaweza kulifikia kwa miguu, na kwamba soko ni huduma ya umma sawa na maktaba au zahanati.

Lililo maarufu kuliko yote ni la Boqueria, kwenye barabara ya La Rambla. Ujenzi wake ulianza mwaka 1840 katika kiwanja cha monasteri iliyochomwa moto miaka mitano kabla, na paa lake la chuma likawekwa mwaka 1914. Lina vizimba zaidi ya 200. Lakini umaarufu umelibadilisha. Ukiingia kwa mlango wa mbele utakutana na vikombe vya matunda yaliyokatwakatwa, juisi za kila rangi na vijiti vya vyakula vya kukaanga, vyote vya kula ukitembea. Mama wa mtaa anayetaka kilo ya kamba hawezi kupenya kati ya simu zilizoinuliwa. Mwaka 2015 manispaa ilipiga marufuku makundi ya watalii zaidi ya 15 kuingia katika saa za pilikapilika za Ijumaa na Jumamosi. Si kawaida soko kuwazuia watu wasiingie, na kwamba ilibidi kufanya hivyo kunatosha kuonyesha uzito wa tatizo.

Msafiri asiikwepe Boqueria. Aende mapema, apite ile sehemu ya mbele bila kusimama, afike katikati kwenye vizimba vya samaki, kisha aendelee hadi nyuma kabisa, ambako bei hushuka na wanaouza bado wanauza kwa wapishi. Baada ya hapo atembee hadi Santa Caterina. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1848 na kuzaliwa upya mwaka 2005 chini ya paa linalopinda kama wimbi, lililofunikwa vigae 325,000 vya rangi 67. Wasanifu wake ni Enric Miralles, aliyefariki mwaka 2000 kabla ya kazi kukamilika, na Benedetta Tagliabue aliyeimaliza.

Kisha aende Sant Antoni, ambalo kwangu ndilo fundisho kubwa zaidi. Ni jengo la chuma la mwaka 1882, kazi ya msanifu Antoni Rovira i Trias, lenye umbo la msalaba. Mwaka 2009 lilifungwa kwa ukarabati uliochukua miaka tisa. Wachimbaji walikuta sehemu ya ngome ya kale ya jiji, nayo ikahifadhiwa chini ya soko ili watu waione. Muda wote huo wafanyabiashara hawakuambiwa waende zao. Walijengewa soko la muda barabarani, kando kabisa ya jengo lao, wateja wao wakaendelea kuwapata. Mwaka 2018 walirudi ndani, na leo foleni ya wauza samaki ni ya watu wa mtaa. Jumapili, vizimba vya chakula vikiwa vimefungwa, watu hufika kununua vitabu vya zamani kuzunguka jengo hilo, mila ya miaka mingi.

Stockholm na Helsinki zilifuata busara hiyohiyo. Ukumbi wa Östermalm wa mwaka 1888 ulipofungwa kwa matengenezo, Stockholm ilijenga ukumbi wa muda uwanjani mbele yake hadi mlango wa zamani ulipofunguliwa tena mwaka 2020. Helsinki ilifanya vivyo hivyo kwa soko la Hakaniemi la mwaka 1914, lililorudi mwaka 2023. Sisi tulioiona Kariakoo ya Dar es Salaam, jengo la msanifu Beda Amuli, ikiungua Julai 2021, tunajua kwamba ukuta hujengwa upya, lakini mteja aliyezoea pengine harudi. Jiji linalomweka muuzaji karibu na mteja wake wakati wa ujenzi linakuwa limeokoa nusu ya soko.

Wimbi la kumbi za kula

Tangu mwaka 2009 aina nyingine ya ukumbi imeenea: wa kula zaidi kuliko kununua. Madrid ndiyo iliyofungua mlango. Soko la San Miguel, jengo zuri la chuma na kioo la mwaka 1916, lilikuwa limedhoofika hadi lilipofunguliwa upya mwaka huo kama mahali pa kuonja zeituni, pweza, jibini na vitafunio vidogo vya Kihispania. Copenhagen ikafuata mwaka 2011 na kumbi mbili za kioo za Torvehallerne. Mwaka 2014 jarida la Time Out lilichukua upande mmoja wa soko la Ribeira, Lisbon, likawapa nafasi wapishi waliochaguliwa na waandishi wake, na mtindo huo umeshavuka hadi Marekani. Mwaka huohuo Rotterdam ilizindua Markthal, jengo la upinde wenye umbo la kiatu cha farasi lililochorwa na kampuni ya MVRDV. Nyumba 228 zimejengwa ndani ya upinde wenyewe, na dari lake limechorwa matunda, samaki na maua makubwa kwenye eneo la mita za mraba 11,000.

Sizikatai kumbi hizi. Familia ya watu watano yenye matakwa matano hula pamoja bila ugomvi. Mpishi kijana asiye na mtaji wa mkahawa hupata meko na wateja. Jengo lililokuwa linaporomoka hupata kodi ya kulitunza. Lakini msafiri ajue anachokiona. Lisbon, upande wa pili wa ukuta wa soko lilelile la Ribeira, wauza samaki na mboga bado hufungua asubuhi, na wageni wengi hawajui kuwa upande huo upo. Rotterdam, hatua chache kutoka Markthal, uwanja wa Binnenrotte huwa na gulio kubwa la wazi kila Jumanne na Jumamosi, na huko ndiko wakazi wa asili ya Uturuki, Morocco, Suriname na Cape Verde wanakonunua mboga na samaki. Anayeishia chini ya dari lenye picha ameona nusu ya chakula cha Rotterdam.

Florence imepata mizani bora kuliko wengi. Soko lake Kuu la San Lorenzo lilijengwa na Giuseppe Mengoni, yule aliyejenga Galleria ya Milan, likakamilika mwaka 1874. Ghorofa ya chini ni ya nyama, jibini, mboga na zeituni, na hapo kipo kibanda cha Nerbone kinachohudumia tangu karne ya 19. Chakula chake mashuhuri ni cha maskini wa zamani: lampredotto, yaani tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa taratibu, likakatwakatwa na kuwekwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye mchuzi wake. Ghorofa ya juu iligeuzwa ukumbi wa kula mwaka 2014 na hubaki wazi hadi usiku. Anayekula juu akishuka ngazi anakutana na muuza mboga na muuza nyama. Mpangilio huo unafaa kuigwa.

Vya kwetu mezani kwao

Mswahili anayepita kwenye masoko haya atakutana na vya nyumbani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka meza ya samaki ioneshe jina la samaki, mahali alipovuliwa na kama amefugwa. Basi soma vibao. Minofu mipana myeupe inayouzwa Ujerumani kwa jina la Viktoriabarsch ni sangara wa Ziwa Victoria, aliyevuliwa Mwanza, Kisumu au Uganda na kusafirishwa akiwa kwenye barafu. Kwenye matunda na mboga, kibao cha Kenya huonekana mara nyingi juu ya maparachichi na maharagwe mabichi.

London kuna Borough Market, karibu na daraja la London, soko linaloendeshwa na wakfu wa hisani, ambalo kiwanja chake kilinunuliwa na wakazi wa eneo hilo katika karne ya 18 ili biashara isife. Ni zuri kwa jibini na mikate, lakini anayetafuta mihogo, viazi vikuu, bamia na ndizi za kupika apande treni ya chini ya ardhi hadi Brixton. Jumba la Granville Arcade la mwaka 1937, leo likiitwa Brixton Village, lilinusurika mpango wa kubomolewa na mwaka 2010 likaorodheshwa kuwa jengo la kulindwa. Brussels nayo ina Matongé, mtaa uliopewa jina la kitongoji cha Kinshasa, na ndani ya maduka yake yenye paa Mkongomani hupata sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Maeneo haya hayamo sana kwenye vipeperushi vya watalii, ilhali ndiyo yanayoonyesha Ulaya ya leo inakula nini.

Adabu ya kuingia sokoni

Nenda asubuhi. Boqueria hufungwa Jumapili. Hispania, epuka Jumatatu kwa samaki, kwa sababu mashua nyingi hazikwenda baharini siku iliyotangulia. Bei imeandikwa kwa kilo na hakuna kupatana. Usishike tunda, mwachie muuzaji akuchagulie, na umwambie unalila leo au kesho. Barcelona chukua karatasi yenye namba ya foleni, au uliza nani wa mwisho. Italia jibini na zeituni hupimwa kwa gramu 100, kwa hiyo unaweza kununua kidogo kidogo na kuonja vingi.

Mwislamu ajue kwamba nguruwe yupo kila mahali, kuanzia mapaja yanayoning'inia Hispania hadi soseji za Hungaria, na hata mafuta ya kukaangia ni ya kuuliza. Hata hivyo samaki, mikate, zeituni, jibini na matunda vinatosha kushibisha. Nyuma ya Boqueria, katika mtaa wa Raval, kuna mabucha ya halali ya Wapakistani na Wamorocco.

Ukiweza, panga nyumba yenye jiko, hata kwa siku chache. Hapo ndipo soko linapokuwa na maana kamili, kwa sababu unanunua unachopika na unarudi kesho kwa muuzaji yuleyule ambaye sasa anakutambua. Asiye na jiko anunue mkate, nyanya, jibini na zabibu akale bustanini.

Ndugu msomaji, pesa yako ni kura. Picha haimlipii muuza samaki kodi ya kizimba, na kikombe cha juisi mlangoni kinamwambia mwenye soko aweke vikombe zaidi. Lakini kilo ya machungwa, kipande cha jibini na samaki wawili wa moshi vinamwambia jambo jingine. Nunua kwanza, ule baadaye. Na mabaraza ya miji, yawe ya Ulaya au ya kwetu, yakumbuke kwamba soko ambalo mkazi wa mtaa hawezi tena kununua kitunguu limekufa, hata kama wageni wamejaa mlangoni.